Sikuta, mmea unaonukia kama karoti

Katika mimea yote yenye sumu niliyowahi kuishika, ninaouhofia zaidi ni sikuta, kwa sababu harufu yake haimtishi mtu. Mmea huu wa jenasi ya Cicuta huota kwenye vinamasi, mitaro na kingo za mito ya Ulaya, Asia ya kaskazini na Amerika ya Kaskazini, nao ni wa ukoo mmoja na karoti, giligilani na shamari; ndiyo maana sehemu yake ya chini ikikatwa hunukia kama karoti mbichi.

Ninapotaka kuutambua huvaa glavu, kisha huipasua kwa urefu ile sehemu nene iliyo kati ya shina na mizizi. Ndani huonekana vyumba vitupu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na penye mkato hutoka matone ya mafuta ya manjano yanayogeuka kahawia yakikaa hewani. Humo ndimo iliko sumu yenyewe, sikutoksini. Wengi hufundisha kutazama majani, ambapo vijishipa huelekea kwenye mapengo kati ya meno ya jani badala ya ncha zake, lakini mimi siiamini alama hiyo peke yake; hata vile vyumba huwa havijakamilika mmea ukiwa mchanga.

Sikutoksini huzuia kazi ya GABA, kemikali inayoutuliza ubongo, hivyo mara nyingi ndani ya saa moja mtu hutapika, kisha hushikwa na degedege kali linalojirudia. Haina kiuasumu, na madaktari hupambana na degedege lenyewe huku wakilinda pumzi ya mgonjwa. Hapa ndipo watu huuchanganya na konio, mmea unaoaminika kumuua Sokrates mwaka 399 KK, ambao kinyume chake hulegeza misuli hadi pumzi ikakatika. Daktari wa Uswisi Johann Jakob Wepfer aliandika kitabu kizima juu ya sikuta mwaka 1679.

Kwa ng'ombe, hatari ni kubwa zaidi majira ya kuchipua, kwani udongo uliolowa humwachia mnyama mmea mzima, pamoja na mizizi, anapovuta majani machache tu. Vivyo hivyo mtaro ukishazibuliwa, mizizi iliyotupwa ukingoni haina budi kuokotwa yote kabla mifugo haijarudi malishoni.