Uanuwai wa fitoplanktoni si wingi wake

Fitoplanktoni ni viumbe vidogo sana vinavyoelea majini na kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, na uanuwai wake ni kipimo cha mambo mawili kwa pamoja: idadi ya spishi zilizopo na jinsi seli zilivyogawanyika baina ya spishi hizo. Kila maji ya Ghuba ya Winam, upande wa Kenya wa Ziwa Viktoria, yanapogeuka kijani, hakosekani mtu wa kuandika kwamba uanuwai umeongezeka, ilhali kilichoongezeka ni wingi, na aghalabu uanuwai wenyewe umeporomoka.

Tuchukue sampuli mbili za seli 100, kila moja ikiwa na spishi 10. Katika ya kwanza kila spishi ina seli 10. Katika ya pili, spishi moja imejitwalia seli 91 na tisa zilizobaki zimeambulia seli mojamoja. Kwa fahirisi ya Shannon, namba inayopima uanuwai kwa mambo yote mawili, ikikokotolewa kwa logi asilia, ya kwanza hupata takriban 2.30 na ya pili 0.50, ingawa hesabu ya spishi ni ileile.

Sampuli ya pili ndiyo hali ya ghuba inapovamiwa na Microcystis, sianobakteria (bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua) yenye vifuko vya gesi vinavyoiwezesha kuelea juu na kuvinyima mwanga viumbe vilivyo chini yake. Mbolea, maji taka na udongo unaosombwa na mito huongeza fosforasi ziwani. Naitrojeni isipokwenda nayo sambamba, Dolichospermum, sianobakteria nyingine inayoweza kutumia naitrojeni ya hewani, hupata mwanya, na diatomu (fitoplanktoni zenye gamba la silika) kama Aulacoseira, zilizowahi kustawi sana katika ziwa hili, husukumwa kando. Baadhi ya sianobakteria hutoa sumu ya maikrosistini, ambayo haiondoki kwa kuchemsha maji.

Hata hivyo, uanuwai mdogo peke yake si ushahidi wa uchafuzi. Ziwa Bogoria, ambalo ni la magadi, mara nyingi hutawaliwa na sianobakteria Arthrospira kwa sababu ya kemia yake ya asili, nayo ndiyo chakula cha flamingo. Wala fahirisi haijui majina: spishi kumi za sianobakteria zenye sumu zikigawana sampuli sawasawa, nazo zitapata 2.30.

Kwa hiyo anayeliona ziwa limekuwa kijani hakosei akisema fitoplanktoni zimekuwa nyingi. Neno uanuwai lingesubiri kwanza hadubini.