Kilemba hakikupi fremu

Tangu tuhamishie ofisi yetu ya upangishaji kwenye hii fremu ya Tabata iliyokuwa imefungwa muda mrefu, wanaoingia kuuliza maswali ni wengi kuliko wanaotafuta nyumba. Swali lao kubwa ni moja: tulitoa kilemba, yaani ile hela ya juu ya kuachiwa fremu, shilingi ngapi? Nikisema hatukutoa, wanaguna. Kisha linakuja lile jambo nililochoka kulisikia: "Lakini ukishatoa kilemba, fremu si inakuwa yako?"

Haiwi yako. Fremu ni ya mwenye nyumba, na haki zako ni zile zilizoandikwa kwenye mkataba kati yako na yeye. Kilemba, kuanzia Kariakoo mpaka huku mitaani, mara nyingi anapewa mpangaji anayeondoka, na huyo hana cha kukuachia zaidi ya miezi aliyobakiza. Ni sawa na kumlipa abiria akupishe siti wakati gari limebakiza kituo kimoja kufika Gerezani.

Dada mmoja wa saluni alikuja na karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule. Imeandikwa kwa kalamu ya bluu: "Nimepokea milioni sita za kilemba cha fremu namba tatu." Kuna sahihi ya anayeondoka, ya dada mwenyewe na ya fundi cherehani wa fremu ya pili kama shahidi. Mwenye nyumba hayumo kabisa. Mkataba wa yule aliyeondoka ulikuwa umebakiza miezi minne. Ilipoisha, mwenye nyumba akasema fremu anampa mtoto wa dada yake. Wapi aende kudai? Aliyepokea hela hapatikani kwenye simu, na mwenye nyumba hakuahidi chochote. Mikataba mingi ya fremu ina kifungu kinachomkataza mpangaji kumwachia mtu mwingine bila ridhaa ya maandishi ya mwenye nyumba, kwa hiyo hata ile miezi minne alikaa kwa huruma tu.

Sasa, si kila kilemba ni wizi. Anayeondoka akikuachia vioo vya alumini, shelfu, kiyoyozi, hivyo ni vitu na vina bei. Andikeni orodha, kila kitu na thamani yake, kisha ujumlishe. Utashangaa milioni sita zinavyoshuka kuwa moja na nusu. Iliyobaki utaambiwa ni ya "wateja". Wateja wa kinyozi watakufaa nini wewe unayefungua duka la dawa? Huwa nasisitiza hili mpaka watu wanakasirika: usilipe hela ya wateja kama hufanyi biashara ileile aliyokuwa akifanya yeye.

Halafu kuna kilemba anachodai mwenye nyumba mwenyewe, juu ya kodi ya miezi sita au mwaka. Hapa ushauri wangu ni mmoja na siubadilishi: mwambie aiandike kama kodi iliyolipwa mbele. Kama anataka milioni tatu na kodi ni laki tano kwa mwezi, basi mkataba useme umelipia miezi sita zaidi. Akikataa, jiulize kwa nini hataki hela hiyo ionekane kwenye karatasi.

Kabla ya yote hayo, hakikisha unayeongea naye ndiye mwenye mamlaka ya kupangisha. Dar es Salaam nyumba nyingi zina hati au leseni ya makazi, omba uione. Mwenyewe akiwa amefariki, omba barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, na anayesaini awe yule aliyetajwa kwenye barua hiyo. Kuwa kifungua mimba hakumfanyi mtu kuwa msimamizi. Nimeona familia ambayo kaka alipokea kodi ya mwaka mwezi Januari, na Machi dada yake akaja na kufuli.

Mengine ninayoambiwa na watu nitayapitia haraka.

"Fremu iliyokaa tupu ina mkosi." Fremu inakaa tupu kwa sababu, na sababu inaonekana ukienda kuitafuta. Nenda wakati wa masika uone maji yanasimama wapi. Nenda saa mbili usiku uone kama kuna taa na watu wanaopita. Angalia kama mteja ana pa kuegesha hata bodaboda. Kwenye Barabara ya Bagamoyo, ujenzi wa njia ya mwendokasi umeathiri maduka yasiyo na kosa lolote. Na tafadhali tazama ukutani. X nyekundu maana yake jengo limo ndani ya hifadhi ya barabara na litavunjwa bila fidia; X ya kijani, kuna fidia, lakini atakayelipwa kwa ajili ya jengo ni mwenye jengo. Kwa barabara kuu, sheria ya 2007 inahesabu mita 30 kutoka katikati ya barabara kila upande. Ukuta ukishapakwa rangi mpya X haionekani, kwa hiyo pima mwenyewe kwa futi kamba.

"Kodi ya zuio ni mambo ya mwenye nyumba na TRA." Hapana. Wewe mfanyabiashara unayelipa pango ndiye unayezuia asilimia 10 na kuipeleka TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha. Pango la miezi sita likiwa milioni tatu, mwenye nyumba anapata 2,700,000 na hati ya kuonyesha kwamba 300,000 imelipwa kwa jina lake. Usipozuia, TRA watakudai wewe. Mzungumzie hili siku ya kwanza, kabla hamjakubaliana bei, maana wenye nyumba wengi wanataka milioni tatu yao ifike mkononi kamili.

"Mkataba umegongwa muhuri wa serikali ya mtaa, umekamilika." Muhuri wa mtendaji unaonyesha kwamba alishuhudia. Ushuru wa stempu ni kitu kingine: asilimia 1 ya pango la mwaka, unalipwa ndani ya siku 30 tangu kusaini. Kwa fremu ya laki tano kwa mwezi ni shilingi 60,000. Mkataba usio na stempu hakimu haupokei kama ushahidi mpaka ulipiwe pamoja na adhabu, na kwa kawaida watu hugundua hivyo wakiwa tayari wamefika mahakamani.

"Nimenunua LUKU, wameniibia." Hujaibiwa. Kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU tangu 2021; kwa sasa nyumba ya kawaida ni 1,500 kwa mwezi na ghorofa ni 7,500 kwa kila sakafu. Mita isiponunuliwa umeme miezi minane, deni linalimbikizana, na mpangaji mpya ndiye anayekatwa 12,000 kwa mara moja. Deni hilo ni la mwenye jengo. Tunza ile meseji ya tokeni, umwonyeshe, akupunguzie kwenye pango. Sisi tulifanya hivyo na hapakuwa na ugomvi.

"Ofisi ya madalali ikihamia mtaani, kodi zinapanda." Kodi za mtaa wetu zilipanda lami ilipofika, kabla hatujaleta hata kiti. Anayepanga bei ni mwenye nyumba akitazama fremu ya jirani yake inalipa ngapi.

La mwisho ni la leseni ya biashara. Watu wanadhani inahama na mwenye nayo kama kitambulisho. Leseni imetolewa kwa eneo lililoandikwa juu yake, na ukiwa na maduka mawili unahitaji leseni mbili. Kabla hujabeba meza na kabati, ingia kwenye TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri, ushughulikie eneo jipya, kisha peleka mkataba TRA wabadilishe anuani kwenye usajili wa TIN yako. Fundi wa bango mwite baada ya hapo.