Tindikali ndani ya kimelea cha malaria, na kisa cha klorokwini

Waliougua malaria miaka ya 1980 na 1990 wanaikumbuka klorokwini kwa uchungu wake na mwasho uliowanyima wengi usingizi. Mwaka 2001 Tanzania iliacha kuitumia kama tiba ya kwanza, kwa kuwa vimelea vilikuwa vimeshakuwa sugu. Viliwezaje?

Kimelea cha Plasmodium falciparum kikishaingia kwenye seli nyekundu ya damu, hula hemoglobini, protini inayobeba oksijeni. Huimeng'enya katika kifuko chenye tindikali, pH (kipimo cha tindikali; namba ikiwa ndogo, tindikali ni kali zaidi) ikiwa 5 na ushee, ilhali nje ya kifuko hicho mwili wake uko karibu na 7.3. Mlo huo huacha hemu, sehemu ya hemoglobini yenye chuma, ambayo ni sumu kwa kimelea chenyewe, hivyo kimelea huigeuza kuwa fuwele zisizo na madhara. Klorokwini ni besi hafifu, yaani kinyume cha tindikali. Hupenya kuta bila taabu, ila ikifika kwenye tindikali hupata chaji na kushindwa kutoka. Hurundikana humo, huizuia hemu isigeuke fuwele, na kimelea hufa kwa sumu ya chakula chake.

Kimelea sugu hukusanya klorokwini kidogo. Wazo la kwanza, na si la kipuuzi, lilikuwa kwamba tindikali ya kifuko chake imepungua. pH ikipanda kwa 1 tu, tindikali imeshuka mara 10. Lakini wazo halitoshi bila kipimo.

Na utapimaje ndani ya kitu kidogo kuliko seli ya damu? Mbinu ninayoipenda zaidi humfanya kimelea ajitegee mwenyewe. Seli nyekundu hufunguliwa katika maji yenye chumvi chache, hutiwa fluoresini, rangi inayong'aa, iliyofungwa kwenye molekuli kubwa za dekstrani, kisha hufungwa tena. Kimelea kikivamia, huila rangi hiyo pamoja na hemoglobini na kuifikisha chenyewe kifukoni. Mng'ao wake hubadilika kufuata tindikali, nao hulinganishwa na ule wa vimiminika ambavyo pH yake inajulikana.

Uchaguzi wa rangi si jambo dogo. Vipimo vya awali vya rangi ya akridini viliashiria kwamba vimelea sugu vina tindikali zaidi, kinyume kabisa na matarajio, na ubishi ukadumu miaka. Baadaye ilionekana kwamba rangi ile haiaminiki kwa kazi hiyo. Mwaka 2006 watafiti wa Canberra, Australia, wakitumia fluoresini, walikuta pH ya takriban 5.5 kwa vimelea sugu na visivyo sugu vilevile.

Siri ilikuwa ukutani mwa kifuko. Protini ya PfCRT, ambayo jeni lake lilitambuliwa mwaka 2000, kwa vimelea sugu hupoteza asidi amino (kijenzi cha protini) yenye chaji chanya katika nafasi ya 76. Mwaka 2009 mayai ya chura yaliyowekewa protini hiyo yalithibitisha kwamba umbo lililobadilika husafirisha klorokwini, na lile la asili halifanyi hivyo. Dawa hutolewa nje, tindikali ikibaki ilivyo.

Kupima pH hakujaisha kazi. Siparagamini, dawa inayofanyiwa majaribio, huvuruga pampu ya sodiamu ya kimelea na kupandisha pH ya mwili wake nje ya kifuko. Badiliko hilo sasa ni mojawapo ya alama zinazotumika maabarani kutambua kemikali nyingine zinazoshambulia pampu hiyohiyo.