Valvu ya mnyama ndani ya moyo: mbona mwili hauikatai?

Watu wengi wanajua aliyepandikizwa figo anameza dawa za kushusha kinga maisha yake yote, ila aliyewekewa valvu (mlango wa moyo unaopitisha damu upande mmoja tu) ya nguruwe au ya ng'ombe hapewi hizo dawa, na kila wiki kuna mgonjwa ananiuliza, daktari inakuwaje?

Inawezekana kwa sababu valvu ile haina seli hai tena. Tangu kazi ya daktari Mfaransa Alain Carpentier mwishoni mwa miaka ya 1960, tishu ya mnyama inalowekwa kwenye kemikali ya glutaraldehaidi, ambayo inakaza protini kama vile ngozi inavyolainishwa na kukazwa kabla ya kushonwa viatu, na alama nyingi ambazo kinga yetu ingezitambua kuwa ni za mnyama zinafunikwa. Zinafunikwa jamani, hazifutiki zote.

Kuna sukari inaitwa alfa-gal. Nguruwe na ng'ombe wanayo, sisi hatuna, na bakteria wa utumbo wameshatufundisha kuipinga tangu utotoni kwa hiyo kingamwili zake ziko kwenye damu muda wote. Zikiikuta kwenye valvu zinaing'ang'ania, seli nyeupe zinafuata, na vita vidogo visivyouma vinaendelea miaka na miaka huku kalisiamu ikijijenga taratibu, na mabaki ya ile glutaraldehaidi nayo yanaivuta. Nimeshashika valvu iliyotolewa kwa mgonjwa. Ikiwa mpya inakunjika kama ngozi iliyolowa, ile ilikuwa ngumu na ukibonyeza pembeni inavunjika kama ganda la yai.

Kwa kijana hali hiyo inakuja haraka kuliko kwa mzee, ndo maana vijana wengi wanashauriwa valvu ya kaboni ambayo haichakai hivyo, ila warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, ni kila siku na vipimo vya damu haviishi. Kwangu huo sio uchaguzi mwepesi hata kidogo, hasa kwa binti anayetaka kuzaa kwa sababu warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Sasa hivi watafiti wanaosha tishu mpaka seli zote zitoke zibaki nyuzi za kolajeni tu, ile protini inayoshikilia tishu, ili seli za mgonjwa mwenyewe ziingie zikae humo, na wengine wamezalisha nguruwe wasio na alfa-gal kabisa. Mimi naipa matumaini makubwa hiyo ya kwanza, maana kwa mtoto valvu inatakiwa ikue naye.

Kama unayo ya mnyama, eko ya moyo, kile kipimo cha picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, usiiruke hata ukijisikia mzima, kalisiamu inaanza kujijenga kabla hujaanza kuhema kwa shida.