Je, wajua kwa nini Accra wanazima ngoma kabla ya sherehe ya mavuno?

Ukifika Accra, Ghana, mwezi wa tano kuelekea wa sita utakuta ngoma zimepigwa marufuku kwa karibu mwezi mzima, halmashauri inatoa tangazo kila mwaka na hata makanisa na misikiti inaombwa isitoe spika nje. Mgeni anadhani kuna msiba wa kitaifa. Kumbe ndio Homowo inaanza, sherehe ya mavuno ya Waga, yaani watu wa kabila la Ga, wenyeji wa mji ule.

Sababu ni mbegu. Makuhani wao, wanaoitwa wulomei, wale wanaovaa nyeupe tupu, wanapanda uwele kwenye shamba takatifu, na kwa imani yao mbegu na miungu wanahitaji utulivu, kelele zinavuruga. Wazee wa Kiga wanasimulia kwamba mababu zao walipigwa na njaa kali, mvua ikarudi wakavuna mpaka wakasaza, ndipo wakaizomea njaa kwa furaha. Kwa hiyo ule ukimya unabeba kumbukumbu ya njaa, na nyie wageni mkiudharau mnawaumiza watu kweli, mwishoni mwa miaka ya 1990 kulitokea hadi fujo kati ya vijana wa Kiga na baadhi ya makanisa kwa ajili ya ngoma tu.

Marufuku ikiisha, chifu wa Gbese, mtaa mmoja wa zamani wa Accra, anagonga ngoma ya Odadao mara tatu, basi mji unaruhusiwa kupiga kelele tena. Homowo yenyewe pale Ga Mashie, Accra ya zamani, huwa Jumamosi ya mwezi wa nane, na Alhamisi yake ndugu wa vijijini wanaingia mjini na malori yamejaa mazao, wanaimba tangu njiani.

Chakula ni kpokpoi, unga wa mahindi uliochachushwa ukapikwa kwa mvuke halafu ukachanganywa na mawese, watu wa Kigoma hapo mmenielewa, unaliwa na mchuzi wa chikichi na samaki. Machifu wanapita mtaani wakiurusha chini kwa mkono, hiyo ni sehemu ya mababu, kwa hiyo usikanyage wala usikimbilie kupiga selfie katikati yao, na kuhani usimpige picha kabla hujaomba ruhusa. Nyumbani wanakula bakuli moja, mkubwa kwa mtoto, hakuna cheo. Ukikaribishwa nawa mikono ukae ule, mimi naona hapo ndipo penye Homowo yenyewe kuliko kule kwenye maandamano. Kesho yake wanapita nyumba kwa nyumba kupatana, waliogombana mwaka mzima wanasameheana, na waliofiwa wanapewa pole.