Nanasi la lango la Charleston

Ukitembea Charleston, Carolina Kusini, utaona mananasi ya mawe na chuma juu ya malango. Husemwa kwamba zamani nahodha akirudi salama kutoka Karibi alichomeka nanasi langoni kuwaalika majirani. Hadithi tamu, ila maandishi ya wakati huo hayaiungi mkono. Katika karne ya 18 nanasi lilikuwa ghali mno Uingereza na makoloni yake, tunda la kujionyesha. Nani angeliacha lioze nje? Mafundi walilichonga kwenye majumba ya matajiri kama pambo la fahari. Maana ya kukaribisha wageni ilienea karne ya 20, Wamarekani walipopenda upya mitindo ya enzi za ukoloni. Hata chemchemi maarufu yenye umbo la nanasi mjini humo ni ya 1990.