Mtoto Analala Mdomo Wazi, Baba Anavuta Sigara Mlangoni

"Daktari, huyu mtoto anakoroma kama mzee, na usiku kucha mdomo uko wazi." Akina mama wengi huanza hivyo katika kliniki yetu hapa Kisumu. Tukishamwangalia pua na masikio, huuliza: nyumbani nani anavuta sigara?

Pua ina kazi kubwa. Vinyweleo hunasa vumbi, makamasi hushika lililoponyoka, kisha vijinywele visivyoonekana kwa macho huyasukuma makamasi hayo hadi kooni yamezwe. Hewa hufika mapafuni ikiwa na joto na unyevu. Mdomo hauwezi hayo. Anayepumulia mdomo huamka koo limekauka, na mate yakipungua meno huoza upesi.

Lakini moshi wa sigara hauzuiliki puani. Chembe zake nyingi hazifiki hata mikroni moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, kwa hiyo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Tena moshi huo hulegeza vile vijinywele na kuvimbisha ngozi laini ya pua. Pua ikiziba, mtoto afanyeje? Hufungua mdomo. Makamasi yakituama, mrija wa kutoka kooni hadi sikioni nao huziba, na baada ya siku chache sikio linaweza kutoa usaha. Mwenye pumu hubanwa mara kwa mara, na mtoto mchanga huwa rahisi kupata nimonia. Ndani ya moshi huo mna kemikali zaidi ya 7,000, na takriban 70 kati yake husababisha saratani.

Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inamlinda abiria ndani ya matatu ya Kondele. Mtoto wa mtaa wa Nyalenda, anayelala katika chumba kimoja cha mabati, analindwa na wazazi wake tu. Akina baba huniambia, "Mimi huvutia mlangoni." Upepo ukivuma kutoka ziwani, moshi wote unarudi ndani. Baba, nakusihi, nenda mbali na nyumba, na ukirudi badilisha shati na unawe mikono kabla ya kumbeba mtoto, maana sumu hushika nguoni. Ukiwa tayari kuacha kabisa, njoo tukusaidie.

Naye mtoto asifokewe afunge mdomo. Hawezi. Akikoroma kwa wiki kadhaa, mlete apimwe nyama za puani, wala usimnunulie matone dukani kwa kubahatisha.